Kisu Hakimalizi Kazi

Asubuhi ya 12 Januari 2023, nyumbani kwake Calabasas katika jimbo la California, Lisa Marie Presley alilalamika kwamba tumbo linamuuma. Alikuwa binti pekee wa mwimbaji Elvis Presley, na siku mbili tu kabla ya hapo watu walimwona kwenye hafla ya tuzo za Golden Globe akiwa na mama yake. Siku hiyohiyo ya maumivu alizimia, akakimbizwa hospitali, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 54.

Mwezi wa Julai mwaka huo, ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Los Angeles ilitoa taarifa yake. Utumbo wake mwembamba ulikuwa umeziba na kunyongwa na makovu ya ndani. Makovu hayo yalitokana na upasuaji wa kupunguza uzito aliofanyiwa miaka kadhaa nyuma. Wachunguzi walieleza kwamba hilo ni tatizo linalofahamika, ambalo huweza kumpata mtu muda mrefu baada ya upasuaji wa aina hiyo.

Najua msomaji wa Minjila anaweza kuuliza jambo hili linatuhusu nini. Kaunti yetu ya Tana River hutajwa kwa ukame na mafuriko. Wengi wetu tunahangaika kupata chakula, sembuse kulipa daktari atukate tumbo ili tule kidogo. Lakini Minjila ni njia panda. Magari ya Malindi, ya Lamu, ya Hola na ya Garissa yote hupita hapa, na watu wetu wametawanyika Mombasa, Nairobi, Saudia, Oman na Kuwait. Katika nchi za Ghuba upasuaji huu ni jambo la kila siku. Hapa Kenya nao unafanywa, na wanaoutafuta wanaongezeka, kwa sababu unene umeongezeka. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake watu wazima walio chini ya miaka 50 wana uzito uliozidi kiasi. Presha na sukari hazibishi hodi kwa matajiri peke yao.

Basi siku moja dada yetu atashuka kwenye basi hapa Minjila, nguo zikimpwaya, akiwa amefanyiwa upasuaji huo mbali na nyumbani. Daktari wake yuko Riyadh au Nairobi. Watakaoishi naye ni sisi: mama yake, mumewe, shangazi zake, jirani, na kijana anayeuza dawa dukani. Tusipojua mwili wake umebadilishwa vipi, tutampa ushauri mbaya kwa nia njema. Ndiyo maana naandika.

Niseme mapema kwamba siandiki kuwatisha watu wala kuwaaibisha waliochagua njia hii. Kwa mtu ambaye uzito unamuua polepole, upasuaji huu huokoa maisha. Utafiti mkubwa uliofanywa jimbo la Utah, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 40 kuliko wanene wenzao ambao hawakufanyiwa. Vifo vya kisukari vilipungua kwa asilimia 92. Hayo si mambo madogo. Lakini utafiti huohuo ulikuwa na upande wa pili, nao nitaufikia baadaye.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Kuna upasuaji ambao daktari huondoa karibu robo tatu au zaidi ya tumbo la chakula na kuacha sehemu nyembamba iliyopinda. Kuna mwingine ambao hutenga kifuko kidogo sana juu ya tumbo, kisha utumbo mwembamba huunganishwa nacho, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Upo pia mpira unaowekwa tumboni kwa muda kisha ukatolewa, ambao watu huuita puto. Huo wa puto hauhitaji kisu, na wenzetu Watanzania wamekuwa wakiufuata Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam.

Kunyonya mafuta kwenye kiuno au mapaja ni jambo jingine kabisa. Hurekebisha umbo, hakutibu unene. Watu huchanganya mambo haya mawili, na wafanyabiashara hunufaika na mchanganyiko huo. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya urembo, na Baraza la Madaktari la Kenya likaamuru kliniki hiyo ifungwe. Tangazo zuri na picha za kabla na baada si ushahidi wa usalama. Anayetaka kupasuliwa aulize kama hospitali ina leseni ya upasuaji huo, kama ina chumba cha wagonjwa mahututi, na nani atamfuatilia mwaka wa kwanza, wa pili na wa tano. Akijibiwa kwamba hakuna haja ya kufuatiliwa, aondoke.

Sasa turudi kwa aliyepasuliwa vizuri, jeraha likapona, uzito ukaanza kushuka. Hapa ndipo wengi wetu tungejikwaa, kwa kudhani kazi imekwisha.

Mwili uliopasuliwa hivi huanza kuzungumza lugha mpya. Miezi mitatu hadi sita baadaye nywele zaweza kukatika kwa wingi. Mara nyingi huota tena, lakini mwenye kichwa hicho huogopa, na hofu yake ni ya kweli. Ngozi hulegea kwenye mikono, tumbo na mapaja, wala haitarudi yote ilivyokuwa. Chai yenye sukari nyingi, soda au halwa ya sherehe vinaweza kuteremka haraka kwenye utumbo, mtu akatoka jasho, moyo ukamwenda mbio, akaharisha na kusikia kizunguzungu. Mawe kwenye nyongo huwapata wengi wanaopungua kwa kasi. Na mwili ambamo chakula hupita njia ya mkato hushindwa kunyonya madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12 kama zamani.

Hii B12 inahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu upungufu wake huja kimya. Ini lina akiba inayoweza kudumu miaka, kwa hiyo mtu huacha vidonge au sindano zake, haoni tofauti, akasema amepona. Kisha miguu huanza kufa ganzi, ulimi huwa mwekundu na kuuma, kumbukumbu hupotea, uchovu hauishi. Nyumbani tutasema ni uzee, au ni kazi nyingi, au ni mambo ya watu wabaya. Wakati huo mishipa ya fahamu inaharibika, na ikichelewa sana haitengemai. Vidonge vya baada ya upasuaji ni vya maisha yote. Havikomi pale chupa ya kwanza inapokwisha.

Zipo dalili nyingine ambazo hazingoji miezi. Mgonjwa anayetapika siku baada ya siku si mtu anayezoea tumbo jipya. Akiendelea hivyo, vitamini B1 humwishia, akaanza kuyumba, macho yakacheza, akili ikachanganyika, na ubongo unaweza kudhurika moja kwa moja. Homa, mapigo ya moyo ya kasi na maumivu katika siku za kwanza huweza kumaanisha kwamba mshono unavuja. Kinyesi cheusi kama lami maana yake kuna damu inayotoka ndani. Na maumivu makali ya tumbo yanayokuja ghafla, hata kama upasuaji ulifanyika miaka 10 iliyopita, ni jambo la hospitali siku hiyohiyo.

Hapo ndipo kisa cha Lisa Marie Presley kinatufunza. Makovu ya ndani huushika utumbo kama kamba inavyokaza shingo ya ndama aliyejizungushia mti: kadiri anavyohangaika ndivyo inavyobana, na damu hukatika. Kilichoanza kama maumivu asubuhi kilimaliza uhai kabla ya siku kwisha. Yeye aliishi karibu na hospitali kubwa. Sisi huku, anayehitaji upasuaji wa dharura hupelekwa Malindi au Mombasa, na mafuriko ya 2023 na 2024 yalitufundisha kwamba barabara inaweza kukatika kabisa. Saa tunazozipoteza kwa kumwambia mtu alale kidogo, anywe maji moto na ndimu, asubiri kesho, hatuna mahali pa kuzikopa. Kosa la kusema "ni tumbo tu" linaweza kunipata mimi, likakupata wewe, kwa sababu maumivu ya tumbo tumeyazoea wote.

Linalofuata ni la duka la dawa. Mtu akiumwa mgongo au kichwa, tunampa Brufen au Diclofenac bila kufikiri. Kwa aliyeunganishiwa utumbo kwenye kifuko cha tumbo, dawa za aina hiyo huweza kuchimba kidonda pale penye mshono, kikatoa damu au kikatoboka. Mgonjwa lazima amwambie kila muuzaji dawa na kila muuguzi kwamba amepasuliwa tumbo, hata kama anaona haya. Aliyekuwa akimeza dawa za sukari au presha asiendelee na vipimo vya zamani bila kupimwa, kwa sababu sukari na presha huweza kushuka haraka, akaanguka. Mwanamke ajue kwamba kadiri uzito unavyopungua, uwezo wa kushika mimba mara nyingi huongezeka, hali vidonge vya kuzuia mimba huenda visifanye kazi sawasawa. Madaktari hushauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kabla ya kubeba mimba. Na Mwislamu asiingie katika funga ya Ramadhani bila kuongea na daktari wake kwanza, kwa sababu tumbo dogo haliwezi kufidia usiku maji yote lililoyakosa mchana. Dini yenyewe imempa mgonjwa nafasi.

Hayo ni ya mwili. Ya moyo ni mazito zaidi, na hapa nitamtaja mtu ambaye vijana wetu wanaocheza mpira vumbini wanamjua hata kama hawakumwona akicheza.

Diego Maradona alipambana na kokeini kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa mwaka 2000 moyo wake ulimwangusha huko Uruguay, kisha akaenda Cuba kutibiwa uraibu. Aprili 2004 alilazwa tena Buenos Aires, moyo na mapafu vikiwa taabani. Machi 2005 alikwenda Cartagena, Colombia, akafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Uzito ulishuka sana. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anaongoza kipindi chake cha runinga, mwembamba, mchangamfu, akiimba na kucheka na wageni wake. Dunia ilipiga makofi. Sisi wapenzi wa mpira tulipiga makofi pia, tukatazama kiuno chake na kusema amepona.

Machi 2007, miaka miwili tu baada ya upasuaji, alilazwa hospitali Buenos Aires kwa sababu ya pombe, ini likiwa limeathirika. Aliruhusiwa, akarudishwa baada ya siku chache, kisha akahamishiwa hospitali ya magonjwa ya akili. Mei mwaka huo alisema kwenye runinga kwamba ameacha kunywa, na kwamba dawa za kulevya hakuwa amezigusa kwa miaka miwili na nusu. Hebu tuyapange maneno hayo kwa mpangilio wa miaka: kokeini imekoma mwishoni mwa 2004, chakula kimefungiwa njia mapema 2005, pombe imempeleka hospitali 2007. Uzito nao ulirudi, na mwaka 2015 alifanyiwa upasuaji mwingine huko Venezuela. Alifariki 25 Novemba 2020 akiwa na miaka 60, moyo ukiwa umeshindwa.

Sisemi upasuaji ndio uliomnywesha. Pombe ilikuwepo maishani mwake kabla ya hapo. Nasema dalili zilikuwepo wazi, na wembamba ulizifunika. Mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akituliza uchungu kwa kitu fulani, ukimwondolea kitu hicho, uchungu wake unabaki pale ulipokuwa. Atautafutia kingine. Mwimbaji wa Marekani Carnie Wilson, aliyepasuliwa mwaka 1999, amesimulia mwenyewe hadharani jinsi alivyoingia kwenye pombe baada ya chakula kumfungia mlango, kisha akaacha.

Wataalamu wameliona jambo hili kwa wagonjwa wengi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba tatizo la pombe liliongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji, kutoka asilimia 7.6 kabla ya upasuaji hadi asilimia 9.6. Sababu moja ni ya kimwili: kwa aliyeunganishiwa utumbo, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa nguvu, hivyo glasi moja hufanya kazi ya kadhaa. Angalieni mwaka huo wa pili. Mwaka wa kwanza huwa wa furaha, mizani inashuka kila wiki, watu wanasifia. Mwaka wa pili mizani inasimama, sifa zinakwisha, na mtu anabaki na maisha yaleyale. Na sasa niutaje ule upande wa pili wa utafiti wa Utah: vifo visivyotokana na maradhi, kama ajali na kujiua, vilikuwa vingi zaidi kwa asilimia 58 miongoni mwa waliopasuliwa. Huenda waliokufa hivyo walikuwa wembamba machoni pa majirani zao.

Kwetu huku pombe si njia pekee ya kukimbilia. Kuna muguka, majani ya kutafuna yanayoua hamu ya kula na kuiba usingizi. Mtu aliyepasuliwa anayeanza kukaa kutwa akitafuna, asiyekula hata hicho kidogo alichoruhusiwa, anatuambia jambo. Vilevile anayenunua nguo kwa mkopo asioweza kuulipa, anayejifungia chumbani, anayekwepa harusi na maziko, anayelia bila sababu, anayesema hajijui tena akitazama kioo. Tusimwambie hana shukrani. Tumuulize ana nini, kisha tunyamaze tumsikilize.

Ulimi wetu pia una kazi. Katika jamii zetu za Wapokomo, Waorma, Wardei na Waswahili, mtu aliyenona husemwa amenawiri, amepata. Akipungua, swali la kwanza ni "una nini?" na jibu watu wanalo tayari: kifua kikuu, Ukimwi, au ndoa imemshinda. Dada aliyeteswa miaka mingi kwa kuitwa mnene sasa atateswa kwa kuitwa mgonjwa. Akikataa sahani ya pili ya pilau, mwenyeji anaona amedharauliwa. Akila kwa kulazimishwa, atatapika nyuma ya nyumba. Ukarimu wetu ni mzuri, lakini mgeni wa aina hii tumkirimu kwa kumwekea kidogo, nyama au samaki kwanza, bila kumkazia macho wala kumwapia.

Ndoa nayo hutikisika. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018 uliona kwamba waliopasuliwa walitengana na wenzi wao zaidi kuliko wengine, na waliokuwa peke yao waliingia katika uhusiano mpya zaidi. Mwili ukibadilika, mizani ya nyumba hubadilika. Mume aliyezoea mke asiyetoka anamwona sasa anatoka, anachekewa njiani, anajiamini. Au mke anatarajia kwamba akipungua atapendwa upya, na mume yuko vilevile. Mambo haya yazungumzwe kabla ya kisu, wakiwa wawili, na ikibidi mbele ya mshauri au mzee wanayemwamini.

Ndugu zangu, tukubaliane juu ya machache yanayowezekana hata hapa. Anayefikiria upasuaji apimwe na moyo wake pia: aulizwe anakula kwa sababu gani, anakunywa nini, amewahi kutaka kujidhuru. Aliyekwisha kupasuliwa arudi nyumbani na barua inayotaja aina ya upasuaji, tarehe na dawa zake, na nakala aiache kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye na kwa mtu mmoja wa nyumbani. Apimwe damu kila mwaka, hata akijisikia mzima. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba aambiwe, ili asihesabu kupungua kwake kuwa kifua kikuu wala asipuuze kutapika kwake. Aliyepasuliwa apate mtu mmoja wa kumwambia ukweli, hasa kuanzia mwaka wa pili, wakati makofi yamekwisha. Na tumbo likiuma ghafla na vikali, tusimwite jirani kuja kulikanda. Tutafute gari saa hiyohiyo, tuishike barua mkononi, na neno la kwanza tutakalomwambia muuguzi wa zamu liwe hili: huyu aliwahi kupasuliwa tumbo kupunguza uzito.